Global Chess League: kwa nini timu ya Carlsen haikufika fainali Dubai wala London?

KitundaChaSaba, Mombasa:

Ndugu wapenzi wa sataranji, kuna jambo la Global Chess League, ligi ya sataranji ya timu, ambalo limenisumbua tangu msimu wa Dubai wa 2023, na ningependa wenye kuifuatilia ligi hii kwa makini wanisaidie kulichambua. Mwaka huo SG Alpine Warriors waliingia ukumbini wakiwa na Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa zamani, kwenye ubao wa kwanza, wakifuatwa na Gukesh na Arjun Erigaisi, na Praggnanandhaa akiketi kwenye ubao wa chipukizi. Kwa majina hayo mtu angedhani taji limekwisha kupata mwenyewe, lakini fainali ilichezwa na Triveni Continental Kings dhidi ya upGrad Mumba Masters. Oktoba 2024 ligi ikahamia London. Timu ile ikawa imebadili jina na kuitwa Alpine SG Pipers, Carlsen akabaki, wakaongezwa watu kama Hou Yifan na Richard Rapport, na fainali ikawa tena ya wengine. Triveni walikutana na PBG Alaskan Knights na kulitetea taji lao.

Kwa ambao hawajaizoea ligi hii, kila timu ina wachezaji sita: nyota mkuu mmoja, wanaume wawili, wanawake wawili na chipukizi mmoja. Wote sita hucheza na rangi moja katika mechi, ama nyeupe wote ama nyeusi wote, na kila timu hukutana na kila mpinzani mara mbili, hivyo kuwa na mechi kumi kabla ya fainali. Kushinda kwa kete nyeupe kunaleta alama 3, kushinda kwa kete nyeusi alama 4, na sare humpa kila mmoja alama 1. Jumla ya alama za mbao zote sita ndiyo inayoamua mechi, na timu mbili za juu pekee ndizo zinazocheza fainali.

Je, lawama ni ya wachezaji, ya mpangilio wa timu, au ya kanuni hii ya alama 4? Nauliza pia kwa sababu ya nyumbani: vilabu vichache vya huku Pwani vinafikiria kuanzisha ligi yao, na wapo wanaotaka tuichukue kanuni hiyo kama ilivyo.

NgomeYaTanga:

Ndugu KitundaChaSaba, tuanze na hesabu, kwa maana naona hiyo alama ya nne inakuzwa kuliko inavyostahili. Tuseme nyeupe wameshinda mbao mbili, nyeusi wameshinda mbili, na mbili zimeisha sare: nyeupe wana 8 na nyeusi wana 10. Ushindi ukiwa tatu kwa tatu, matokeo ni 9 kwa 12. Lakini nyeupe wakishinda tatu, wakapoteza mbili na kutoka sare moja, ni 10 kwa 9 na mechi ni yao. Ukijaribu kila mchanganyiko wa mbao sita utakuta kwamba timu iliyoshinda mbao nyingi zaidi ndiyo inayochukua mechi siku zote, na kwamba alama ya ziada ya nyeusi hufanya kazi pale tu idadi ya ushindi inapolingana. Zaidi ya hapo, mechi haiwezi kuisha sare isipokuwa mbao zote sita ziwe sare, kwa sababu alama za pande mbili zenye ushindi haziwezi kulingana mpaka nyeupe washinde mara nne na nyeusi mara tatu, na hizo ni mbao saba.

Kwa hiyo timu yenye nyeupe inalazimika kushinda mbao nyingi kuliko mpinzani, ilhali yenye nyeusi inatosheka na kulingana, mradi zisiwe sare tupu. Kila timu huonja hali zote mbili kwa kiasi sawa, kwa kuwa mechi tano ni za nyeupe na tano ni za nyeusi. Kanuni hiyo basi haimwonei Carlsen.

Kinachomwonea ni ukubwa wa timu. Ushindi wake, hata uwe wa hatua 20, una uzito uleule wa ushindi wa mchezaji wa sita. Wanawake wawili na chipukizi ni nusu ya mechi, na naamini wanaopanga timu kwa kumtazama nyota mkuu hawajalipa jambo hili uzito wake. Dubai, Mumba Masters waliwaweka Koneru Humpy, bingwa wa dunia wa mchezo wa haraka (rapid) kwa wanawake wa 2019, na Harika Dronavalli kwenye mbao hizo mbili. Alpine walikuwa na Elisabeth Pähtz na Irine Sukandar, wachezaji wa kuheshimika, lakini kwenye karatasi mbao hizo zilikuwa za Mumba kabla saa hazijawashwa. Faida ya Carlsen kwenye ubao wa kwanza, akiwa amekabiliwa na mtu kama Vachier-Lagrave, nyota mkuu wa Mumba, ambaye kwa mchezo wa haraka si mnyonge kwa yeyote, haiwezi kufidia mbao mbili.

FarasiMweusi, Nairobi:

Hesabu ya kaka Ngome ni sahihi, lakini sikubaliani na mahali anapoifikisha. Kama nusu ya chini ya timu ndiyo siri, mbona ubao wa chipukizi wa Alpine ulikuwa na Praggnanandhaa, ambaye Agosti ya mwaka huohuo wa 2023 alifika fainali ya Kombe la Dunia kule Baku na kukutana na Carlsen mwenyewe? Na London mbao za wanawake zilishikwa na Hou Yifan na Kateryna Lagno. Huwezi kuniambia kwamba hapo palikuwa na udhaifu. Ukiniuliza mwaka huo walipungukiwa wapi ukilinganisha na Triveni, nitakuonyesha ubao wa chipukizi peke yake: wao walikuwa na Daniel Dardha wa Ubelgiji, Triveni walikuwa na Javokhir Sindarov, ambaye tayari alikuwa na dhahabu ya Olimpiadi ya sataranji ya Chennai ya 2022 akiwa na Uzbekistan. Kumweka mtu wa kiwango hicho kwenye nafasi ya chipukizi ni kama kupewa mwanamume wa tatu bure.

Jambo ambalo naona tunalipita ni maamuzi yanayofanyika ubaoni. Hesabu ya mechi nzima inasema idadi ya ushindi ndiyo muhimu, lakini mchezaji aliyeketi mbele ya saa hajui mbao nyingine zitaishaje, hivyo anaamua kwa kuutazama ubao wake. Mwenye nyeupe akiingia kwenye vurugu ambayo nafasi ya kushinda na ya kushindwa ni nusu kwa nusu, anahatarisha kumpa mpinzani 4 ili apate 3. Ili kamari hiyo imlipe, lazima ashinde zaidi ya mara nne katika kila michezo saba isiyo ya sare. Mwenye nyeusi hesabu yake imegeuka: vurugu ya nusu kwa nusu ni faida kwake. Ndiyo maana ningetarajia timu yenye nyeusi ijiepushe na Ulinzi wa Berlin na Petrov, njia za kuanza mchezo ambako sare hunukia mapema, iende kwenye Ulinzi wa Kisisilia, ambako pande mbili hazifanani na lazima mtu aumie.

Sasa watazameni Triveni wa London kwa jicho hilo. Alireza Firouzja mbele, Wei Yi nyuma yake, Teimour Radjabov, kisha Valentina Gunina na Alexandra Kosteniuk. Gunina alikuwa bingwa wa dunia wa mchezo wa kasi (blitz, mfupi kuliko rapid) kwa wanawake mwaka 2023, Kosteniuk bingwa wa mchezo wa haraka mwaka 2021. Hawa ni watu wanaokwenda kutafuta ugomvi. Tena London ilichezwa kwa dakika 20 bila sekunde za nyongeza kwa kila hatua, maana yake nafasi nzuri yenye sekunde tisa saani si nafasi nzuri. Katika mazingira hayo mimi ningemchagua Gunina mbele ya mchezaji mwenye kiwango cha juu zaidi cha FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ambaye amezoea kufikiri dakika tatu kwa hatua moja, na nadhani aliyeijenga Triveni aliliona hilo.

Kwa Carlsen mwenyewe ningeongeza neno dogo. Nguvu yake kubwa imekuwa kuubana mchezo unaoonekana sare mpaka mpinzani achoke, na kazi hiyo inataka muda. Bila nyongeza, mtu anaweza kubanwa na bado akaponea kwenye saa.

AskariWaGhuba, Dubai:

Ahsanteni kwa uchambuzi. Naomba tusisahau jinsi fainali ya 2023 ilivyokwisha, kwa sababu inamuunga mkono kaka Ngome kuliko dada Farasi anavyotaka kukubali. Mumba walichukua mechi moja, Triveni wakachukua nyingine, michezo ya kasi nayo ikashindwa kuwatenganisha, na hatimaye taji likaamuliwa kwa mchezo wa kufa na kupona. Mchezo ulioamua haukuwa wa nyota wakuu, Aronian wa Triveni na Vachier-Lagrave wa Mumba. Ulikuwa wa chipukizi: Jonas Buhl Bjerre wa Denmark kwa Triveni, Sindarov kwa Mumba, na Bjerre akashinda. Mwaka uliofuata Sindarov akahamia Triveni na kuwa bingwa upande wa pili, jambo ambalo mimi lilinifurahisha kuliko fainali yenyewe.

FarasiMweusi, Nairobi:

Kaka Askari, mchezo mmoja wa kasi baada ya siku kadhaa za uchovu hauthibitishi kitu juu ya upangaji wa timu, unathibitisha tu kwamba kijana hakutetemeka. Msiukuze.

KitundaChaSaba, Mombasa:

Nawashukuru nyote. Ninachokiona ni kwamba kaka Ngome na dada Farasi wanatofautiana kuhusu London zaidi kuliko Dubai, na kwamba ubao wa chipukizi unawaunganisha wote. Naomba sasa mnisaidie kwenye la vilabu vyetu. Tunafikiria mbao nne kwa kila timu, ubao mmoja ukiwa wa msichana au mwanamke na mmoja wa kijana wa chini ya miaka 16. Fedha za usafiri ni chache, kwa hiyo huenda kila klabu ikakutana na nyingine mara moja tu. Je, timu nzima icheze rangi moja na tuweke alama 4 kwa nyeusi?

NgomeYaTanga:

Kama mtakutana mara moja tu, nakushauri usifanye hivyo hata kidogo. Wenzetu wa ligi ile wanarudiana, kwa hiyo faida ya rangi inajifuta yenyewe. Nyinyi mtarusha sarafu, na timu moja itaondoka na haki ya kushinda kila inapolingana. Tena katika ngazi ya vilabu sare za ubaoni ni chache, hivyo matokeo ya mbili kwa mbili yatakuwa ya kawaida sana, na kila mara mwenye nyeusi atachukua mechi kwa 8 dhidi ya 6. Mtakuwa mmeanzisha ligi ya kurusha sarafu.

Fuateni utaratibu wa Olimpiadi, ambako nchi zetu zote za Afrika Mashariki zimezoea kuketi: mbao nne, ubao wa kwanza na wa tatu rangi moja, wa pili na wa nne rangi nyingine. Kwa mpangilio huo mnaweza kuibakiza alama ya nne bila kumdhulumu mtu. Ushindi wa mbili kwa mbili bila sare utaleta usawa wa alama kila mara, vyovyote mtakavyougawa, kwa sababu kila ushindi wa nyeusi wa upande mmoja utajibiwa na ushindi wa nyeusi wa upande wa pili. Lakini mechi ikiwa na sare mbili na ushindi mmoja kwa mmoja, aliyeshinda kwa nyeusi ataibeba timu yake ikiwa mwenzake alishinda kwa nyeupe. Hapo kanuni inamtuza mtu kwa kazi aliyoifanya ubaoni.

FarasiMweusi, Nairobi:

Hapo nakubaliana nawe, kaka. Langu kwa ndugu Kitunda ni mbao za msichana na kijana: msiziweke ya tatu na ya nne kwa mazoea tu. Mkifanya hivyo, mmoja atakuwa na rangi ya ubao wa kwanza na mwingine ya ubao wa pili katika kila mechi, na rangi zikiwa zimepangwa mapema, mgeni akija anajua kabla ya kufika nani atapata nyeupe. Andikeni kwamba mpangilio wa mbao unawasilishwa kwa mwamuzi ndani ya bahasha saa moja kabla ya mechi, pande zote kwa pamoja, na rangi ichaguliwe baada ya bahasha kufunguliwa. Na kuhusu muda, dakika 20 bila nyongeza zitawaletea ugomvi wa saa kila Jumamosi, hasa kama saa zenu bado ni zile za mishale na mwamuzi ni mmoja kwa mbao nane. Kama mnaweza kupata saa za kidijitali, hata kwa kuazima, wekeni dakika 15 na sekunde 10 za nyongeza.

KitundaChaSaba, Mombasa:

Saa za kidijitali tunazo tano, na moja kati ya hizo haiaminiki. Mechi moja kwa wakati inawezekana. La bahasha nitalipeleka kwenye kikao, ingawa najua kuna kocha mmoja atakayelipinga kwa nguvu, kwa kuwa amezoea kubadilisha mbao zake akishawaona wapinzani mlangoni.