Mizani zinatangulia orodha ya wakulima, nifanyeje?

fundi_newala
Wakuu, salamu kutoka Newala. Nina mfumo wa Flink (programu ya kuchakata data inapoingia) unaopokea uzito wa korosho kutoka mizani za maghala. Vyanzo ni topiki (foleni za ujumbe) mbili za Kafka: orodha ya wakulima, na kilo zinazotoka mizanini. Naunganisha kwa namba ya mkulima.

Shida ni mfumo unapowashwa. Jumanne umeme ulikatika. Uliporudi, orodha haijamaliza kusomwa, kilo zimeshaingia. Magunia mawili ya mama mmoja, kilo 163, yakaandikwa "mkulima hajulikani". Alikuja dirishani na stakabadhi yake, ameikunja mara nne ndani ya pindo la kanga, akanisomea namba tarakimu moja moja. Namba ilikuwa sahihi kabisa. Iliniuma, maana hela ya korosho ndiyo ada ya watoto.

Nimeweka Thread.sleep (amri ya kusubiri) ya dakika 2 upande wa mizani. Siku ya kwanza ilitosha, ya pili haikutosha. Kuna namna ya kuiambia Flink ianze na hiki, kile kisubiri?

mikindani_data
Pole mkuu. Mpangilio huo haupo. Kwenye kazi ya mfululizo Flink huwasha vyanzo vyote kwa pamoja, na haikuahidi nani atangulie. Hiyo sleep iondoe leo hii: unabahatisha muda, na uzi unaoendesha kazi ukilala, chekipointi (nakala za hali ya kazi zinazohifadhiwa kila baada ya muda) nazo zinakwama.

Usipange nani aanze, mfundishe anayewahi kusubiri. Gawa mikondo yote miwili kwa keyBy ya namba ya mkulima, uiingize kwenye KeyedCoProcessFunction moja, yaani msimbo unaopokea mikondo miwili na kutunza kumbukumbu ya kila namba. Kilo zikija mkulima hayupo, ziweke kwenye ListState, yaani orodha iliyo ndani ya kumbukumbu hiyo. Mkulima akifika, zitoe zote, kisha safisha. Weka na taima, tuseme nusu saa: ikipita bila mwenyewe kufika, kilo zipeleke mkondo wa pembeni mtu azikague. Usizitupe, ni jasho la watu.

kijana_wa_lindi
Mbona HybridSource ipo tangu Flink toleo la 1.14? Inamaliza chanzo kimoja ndipo inaingia kingine.

mikindani_data
Ipo, ila hiyo ni ya data ya aina moja: unasoma historia kwenye mafaili, halafu unahamia Kafka. Kilichopo hapa ni vitu viwili tofauti vinavyokutana. Angekuwa anatumia Kafka Streams (maktaba ya Kafka ya kuchakata data) ningemwambia GlobalKTable, jedwali lake la pamoja, maana ile hujazwa kwanza ndipo usindikaji unaanza.

Fundi, swali moja: baada ya umeme kurudi uliwasha kazi kutoka chekipointi, au ulianza upya?

fundi_newala
Nilianza upya, kaka. Chekipointi zipo kwenye diski, sikuwahi kuzitumia.

mikindani_data
Basi ndiyo maana wakulima wote walikuwa wamesahaulika. Washa kwa `flink run -s` na njia ya chekipointi ya mwisho. Orodha inarudi pamoja na mahali ulipokuwa umefika kwenye Kafka. Ila ListState iache palepale, maana siku ya kwanza ya msimu hakuna chekipointi ya kurudia, na mkulima mpya anaweza kupimiwa kabla jina lake halijafika.

fundi_newala
Nimejaribu usiku huu. Nimezuia topiki ya wakulima, nikatuma magunia matatu ya majaribio: yametulia, hakuna lililokwenda "hajulikani". Nimeingiza jina, yote matatu yakatoka na kilo zake. Kisha nikazima seva kwa makusudi magunia mengine yakiwa yanasubiri, nikawasha kwa -s, nikayakuta. Zile 163 nimeshazirekebisha kwa mkono. Asubuhi nampelekea mama karatasi yake nyumbani.