Ukisema "leo kumetulia" zamu ya usiku, kweli unaleta nuksi?

Zamu_ya_Usiku:
Jamani, nifafanulieni. Mimi ni muuguzi. Juzi saa nane usiku wodi kimya, dripu zote zinaenda sawa, nikasema tu, "Leo kumetulia." Mwenzangu aliyekuwa akiandika ripoti akatupa kalamu. "Una mdomo wewe!" Akataka kugonga meza kufukuza nuksi, maana wanasema ukigonga mbao balaa linaondoka, akakumbuka juu ni plastiki, akapitisha mkono chini yake kwenye mbao na kugonga mara tatu kutokea huko. Nikacheka. Haikupita hata nusu saa wakaletwa wagonjwa wawili kwa mpigo, na hadi alfajiri nilinuniwa kana kwamba niliwapigia simu waje.

Huyu ni mtu anayeweza kukueleza kazi ya kila kidonge kabatini. Sasa hili linatoka wapi? Na nyie kazini kwenu hamtaji nini?

Mpenda_Hesabu:
Dada, hilo limeshapimwa. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha jaribio la maabara ya hospitali moja Uingereza: siku nyingine walitamka kabisa kwamba leo kutakuwa kimya, siku nyingine wakajizuia, na siku zenyewe zilipangwa kwa bahati nasibu. Kazi haikuongezeka. Usiku uliochafuka baada ya mtu kutamka mnausimulia mwaka mzima. Ule uliotamkwa ukapita salama, nani anaukumbuka?

Bibi_Ubishi:
Hesabu tunazikubali, lakini wahandisi wa JPL, maabara ya NASA ya vyombo vya anga, wanazijua kukuzidi. Vyombo vyao vya Ranger vilifeli sita mfululizo. Mwaka 1964 Ranger 7 ikafika mwezini na kutuma picha, na kwenye safari hiyo kuna mtu alikuwa amegawa karanga chumba cha kuiongozea. Tangu hapo karanga hazikosekani siku ya tukio kubwa. Hakuna anayeamini karanga inasukuma roketi. Ila nani yuko tayari kuwa ndiye aliyezisahau siku chombo kikipotea?

Mkia_wa_Pweza:
Malinowski, mtafiti wa mila za watu, aliliona hili visiwa vya Trobriand kule Pasifiki, karne iliyopita. Waliovua kwenye maji tulivu yaliyokingwa na miamba hawakuhangaika na uganga. Waliotoka bahari kuu, kwenye hatari na kubahatisha, ndio waliokuwa na taratibu zake ndefu. Mhasibu hagongi meza, maana yeye anajua kesho ataletewa nini.

Halafu kuna watafiti walichapisha mwaka 2014 kwamba waliogonga meza kwa kushusha mkono, yaani kusukuma mbali na mwili, walihisi balaa limepungua. Waliogonga kwa kuvutia kwao, hawakupata nafuu hiyo.

Zamu_ya_Usiku:
Kumbe! Na yeye aligonga kutoka chini kuja juu. Basi wale wagonjwa kawavuta mwenyewe, leo namnunia mimi.

Pazia_Jekundu:
Umeuliza kazini kwetu. Mimi naimba opera, na huku kumtakia mtu heri kabla hajapanda jukwaani ni mwiko. Wajerumani watakuambia "toi, toi, toi" juu ya bega, kama wanaotema mate. Waitalia wanakutakia uingie mdomoni mwa mbwa mwitu, nawe unatakiwa ujibu "crepi", yaani na afe. Wageni wengi hujisahau wakasema asante, na chumba kizima kinawageukia.