Miraba sita ninayo, mchemraba sipati

MamaMikasi
Wenzangu, jana usiku nimekata karatasi mpaka kidole kikauma. Binti yangu amepewa zoezi la nyavu, yaani michoro bapa ya kukunja iwe umbo: atazame michoro kumi na miwili, aseme ipi ikikunjwa inakuwa mchemraba, bila kugusa mkasi. Nikajifanya mjuzi. Nikamwambia hesabu miraba, ikitimia sita basi. Akachagua ile ya miraba minne kwenye safu, na miwili imesimama juu ya ncha, mmoja kushoto mmoja kulia. Kama beseni hivi. Tukakata, tukakunja: juu vifuniko viwili vinagombea nafasi, chini tundu wazi. Mtoto hakusema kitu, aliniangalia tu. Ninyi mnatambuaje kwa macho?

Kadibodi
Safu ya minne ni kuta za chumba. Kinachobaki ni dari na sakafu. Mraba wowote ulioshikana na upande wa juu wa safu utakuwa dari, uwe kwenye ncha au katikati, haijalishi. Beseni lako lina dari mbili! Teremsha mmoja chini ya safu, popote, utapata mchemraba. Kwa mtindo huo peke yake kuna nyavu 6 tofauti, bila kuhesabu zilizogeuzwa au kupinduliwa.

Na safu fupi ni vilevile: miwili haikai upande mmoja wa safu. Ndiyo maana ukiona miraba minne imejibana 2 kwa 2, futa hapo hapo. Safu ya mitano nayo futa, wa tano unamlalia wa kwanza.

MamaMikasi
Asante, nimefuta nyingi. Lakini kuna moja imeniumbua tena. Safu ya minne, halafu kwenye ncha ya kulia miwili inapanda, mmoja juu ya mwingine, kama herufi L. Dari ni moja tu, na bado haikunjiki.

BiRula
Hapo tafuta jozi. Kila uso wa mchemraba una mmoja tu unaotazamana nao. Kwenye mstari ulionyooka, ruka mmoja: wa kwanza na wa tatu wanatazamana. Sasa simama kwenye kona ya hiyo L. Ukiruka mmoja kwenda kushoto unapata mwenzake. Ukiruka mmoja kwenda juu unapata mwenzake mwingine. Kiti kimoja, wakaaji wawili.

Inayonifurahisha mimi ni ile ya ngazi, miwili miwili miwili, maana haina mstari wa kuruka hata mmoja na watu wengi huikataa. Iandike namba 1 hadi 6 ukipanda: 1 inatazamana na 4, 2 na 5, 3 na 6. Inakunjika vizuri kabisa. Maumbo ya miraba sita iliyoungana ukingo kwa ukingo yako 35, yanayotoa mchemraba ni 11 tu.

MamaMikasi
Ngazi ilikuwa kwenye zoezi na tulikuwa tumeikataa! Ameirudisha, namba keshaandika. Sasa ananiuliza mcheduara, lile umbo la kopo: mstatili wenye duara mbili, zote upande wa juu, inafaa?

Kadibodi
Muulize yeye, dari ngapi?

MamaMikasi
Amejibu kabla sijamaliza kusoma. Mkasi nimeuficha.