Tarehe ya leo juu ya data ya Alhamisi: mnaotengeneza ripoti, mnatuumiza

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Jumatatu asubuhi niliingia kikaoni na ripoti ya mzigo ulioko stoo. Juu yake imeandikwa tarehe ya Jumatatu hiyohiyo, saa 2:14. Nikaisoma mbele ya wakubwa wangu, tukakubaliana kuagiza mzigo ulioonekana haupo. Alasiri mtu wa stoo ananipigia: mzigo huo upo, uliingia Ijumaa, na aliuingiza kwenye mfumo siku hiyohiyo. Kumbe kazi ya usiku inayohamisha data kwenda kwenye kanzidata (hifadhi ya data) ya ripoti ilikwama tangu Alhamisi. Takwimu zimelala siku zote hizo, lakini ile tarehe ya juu inajibadilisha kila asubuhi!

Nikamfuata fundi: hii tarehe inatoka wapi? Akafungua, nikaona kwa macho yangu: NOW(), yaani amri ya kutoa saa ya sasa hivi. Basi. Ni saa niliyofungua ripoti mimi. Haina uhusiano wowote na data.

Na si yeye peke yake. Access, ile programu ya kanzidata ya Microsoft, ukitengeneza ripoti kwa kile kisaidizi chake, yenyewe inakupachikia Now() chini ya ukurasa. Kwenye SQL Server, kanzidata nyingine ya Microsoft, watu wanaweka GETDATE(), nayo ni saa ya sasa hivi, wanaona wamemaliza. Kujua karatasi imechapwa lini kuna faida yake, sikatai, lakini basi andikeni "Imechapwa". Msomaji akiona tarehe tupu juu ya takwimu, anaamini ni ya takwimu. Mimi niliamini.

Utetezi wa fundi ni kwamba kanzidata haitunzi saa ya mabadiliko. Nimekwenda kusoma, na kwa sehemu ana haki. Ile modify_date (tarehe ya kubadilishwa) ya sys.tables, orodha ya majedwali kwenye SQL Server, inahusu muundo wa jedwali, mistari ikibadilika haisogei. MySQL, kanzidata nyingine, ina UPDATE_TIME (saa ya badiliko la mwisho), lakini kwa majedwali ya InnoDB, aina yake ya kawaida, inapotea seva ikizimwa na kuwashwa. PostgreSQL, nayo kanzidata, inaweza kutunza saa ya kila muamala (kila badiliko lililokamilishwa), ila mpangilio wake, track_commit_timestamp, umezimwa mpaka uuwashe mwenyewe. Sawa. Si ndiyo sababu ya kuitunza sisi wenyewe?

Jedwali moja dogo tu: jina la chanzo, saa ya kuanza kupakia, saa ya kumaliza, imefaulu au imeshindwa, mistari mingapi imeingia. Hali ya kufaulu iandikwe mwishoni kabisa, kila kitu kikishaingia. Ripoti isome saa ya mwisho iliyofaulu. Ni kazi ya nusu siku, na ingetuokoa.

Msije mkaniambia nichukue tarehe kubwa kuliko zote kwenye kolamu ya marekebisho, ile inayoandika kila mstari ulibadilishwa lini. Mstari uliofutwa hauachi alama pale. Na siku ambayo kweli hakuna kilichouzwa, data itaonekana imechakaa wakati ni mpya.

Ripoti yetu inavuta mauzo kutoka sehemu moja na stoo kutoka nyingine. Hapo ionyeshwe tarehe ya kila chanzo, au ile ya zamani kuliko zote. Kuonyesha iliyo mpya zaidi ni kuficha ugonjwa. Watu wa Power BI, ile programu ya ripoti ya Microsoft, nanyi angalieni: DateTime.LocalNow() (saa ya sasa) ndani ya Power Query, sehemu yake ya kupakia data, inabaki na saa ya kupakia, na hilo ni zuri, ila ikipakiwa kule mtandaoni inatoa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, si za hapa kwetu. Andikeni basi ni saa za wapi.

Kilichonichoma zaidi ni jibu lake la mwisho: "Hakuna aliyewahi kuomba hicho kitu." Nani ataomba wakati tarehe anaiona pale juu, kila siku mpya?

Nimeomba sasa, kwa maandishi, ripoti zote kumi na moja. Na wewe unayesoma hapa, fungua ripoti yako, subiri dakika mbili, ifungue tena. Saa ikisogea na data haijapakiwa, njoo useme hapa.