Mrejesho: Video zangu za afya ya mama, baada ya kukaa Chamwino, Dodoma

Habari zenu wapendwa. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini video zangu za kuhimiza wajawazito wanywe vidonge vya kuongeza damu (vya madini ya chuma) haziangaliwi, na kama ujuzi wangu wa utafiti wa jamii ungesaidia. Mlinijibu: weka simu chini, nenda ukakae nao.

Nimekaa wiki tatu, kisimani na kwenye foleni ya kliniki, daftari mkononi, kwa ridhaa yao. Nilidhani hawajui umuhimu wa vidonge. Wanajua sana! Wanaviacha kwa sababu ya kichefuchefu, na choo cheusi kinawatisha. Wengine huvimeza na chai ya rangi, ambayo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Video mpya imeanzia hapo hapo kwenye hofu yao: choo cheusi ni kawaida, kichefuchefu kikizidi mwambie nesi, meza kwa maji, chai isubiri. Niliwaonyesha kabla ya kuirusha. Bibi mmoja akaniambia, "Mjukuu wangu, hizo mboga za dukani kwenye video za nini? Weka mlenda, mboga yetu." Nikarekodi upya. Sura zao na siri zao sijaziweka kwenye video.

Sasa wanatumiana wenyewe kwa wenyewe. Asanteni mno. Jumatatu naelekea wilaya ya Bahi.