Mtoto hupimwa kila mwezi, mama haulizwi hata "umelala?"

Wanajamvi, asalaam aleikum. Nina hasira na leo sitaificha.

Nilijifungua hapa Lamu, salama. Arobaini nzima nililelewa: mama akinikanda maji moto, tumbo limefungwa leso, uji wa pilipili manga kila asubuhi, nyumba haikosi watu. Arobaini ilipokwisha kila mtu akashika njia yake, mume naye akarudi baharini. Mtoto akilala, mimi macho kavu, nimemwekea kiganja kifuani nione kama anapumua. Chakula hakipiti. Siku moja nilimwacha akilia kitandani, nikasimama uani tangu adhuhuri mpaka nikasikia adhana ya alasiri, nikiwaza kuwa angekuwa na heri zaidi bila mimi.

Wiki ya kumi nikaenda kliniki. Mtoto akapimwa uzani, akachomwa sindano pajani, akatiwa matone ya polio, nukta ikachorwa kwenye kijitabu. Nikamwambia muuguzi, "Dada, mimi silali." Hata hakuinua uso. "Ndivyo walivyo watoto, utazoea. Anayefuata!"

Nyumbani wifi yangu akasema sina shukrani, wenzangu wanalilia mtoto. Bibi akasema ni jicho. Nikasomewa, na kisomo kilinituliza, sikidharau kabisa, lakini usingizi haukurudi.

Ile huzuni ya siku za mwanzo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Ikizidi hapo huenda ni sonona, maradhi yenye tiba. Na mzazi akianza kusikia sauti au kuona visivyokuwepo, ni hospitali siku hiyo hiyo, si kesho! Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi kama zetu mama karibu 1 kati ya 5 hupata maradhi ya akili baada ya kuzaa, mengi yakiwa sonona. Maswali 10 ya kuitambua yapo tangu 1987, hayamalizi dakika kumi. Hata hizo hatustahili?

Mimi niliokolewa na jirani. Alikuja baada ya alfajiri, akambeba mtoto, akaniambia, "Lala, mwanangu, mimi nipo." Nililala kwa muda wa saa tatu. Jioni yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari, ambaye alinisikiliza mpaka mwisho. Sasa nala, nalala.

Kijitabu kile kina kurasa za mama pia. Zangu baada ya kujifungua ni nyeupe pe. Miezi tisa narudi kwa sindano ya surua, na sitainuka kitini mpaka kiandikwe kitu upande wangu.