Nitatambuaje kisukuku halisi na jiwe la kawaida linalofanana nacho?

MkaziWaMbagala (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, natumaini hamjambo. Baba mdogo amerudi kutoka mkoani Lindi na mawe matatu aliyopewa na wenyeji wake, ambao walimhakikishia kwamba yote ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, kwa sababu yaliokotwa upande wa Tendaguru, walikochimba Wajerumani mifupa ya dinosaria. La kwanza ni la mviringo, ukubwa wake unakaribia yai la mbuni, na linasemekana kuwa yai la dinosaria. La pili ni bapa jembamba la rangi ya maziwa lenye michoro myeusi inayofanana na majani ya kangaga. La tatu ni kipande kirefu cha hudhurungi chenye vitundu vidogo kwenye ncha iliyovunjika.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alilidondoshea siki lile la mviringo, likatoa povu, akasema huo ni ushahidi tosha. Mwingine akalilamba la tatu na kudai kwamba ulimi ulinata. Naomba mwenye ujuzi anieleze vigezo vya kuaminika, kabla baba mdogo hajaanza kutafuta mnunuzi.

MwambaMlimani

Ndugu mleta mada, nianze na siki, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha wengi. Povu linathibitisha jambo moja tu, kwamba jiwe lina kalisi kabonati, na kalisi kabonati imo katika mawe ya chokaa, katika makombe ya baharini, katika ganda la yai la kuku la jana, na hata katika madini yanayoshikamanisha chembe za mchanga zikawa mwamba. Mfupa kwa asili yake umejengwa kwa fosfati ya kalisi, kwa hiyo mfupa halisi wa dinosaria unaweza usitoe povu lolote, ilhali jiwe lisilo na historia yoyote ya uhai likachemka mbele ya macho yako. Isitoshe, asidi huula uso wa jiwe, na uso ndio unaobeba alama tunazozitafuta. Mwambie kijana huyo aache.

Kigezo ninachokitegemea ni muundo, si umbo. Umbo la mviringo asili hulitengeneza kwa urahisi mno: maji yenye madini hupenya kwenye mchanga au tope, madini huanza kuganda kuzunguka kiini fulani, pengine kipande cha kombe, kisha huongezeka hadi likapatikana donge gumu kuliko mwamba unaolizunguka. Mwamba ukimomonyoka, donge hubaki juu ya ardhi, na mpita njia huona yai. Yai halisi lililogeuka jiwe lina ganda, yaani tabaka jembamba, aghalabu la milimita chache, ambalo linatofautiana waziwazi na kilichomo ndani. Ganda hilo kwa kawaida limepasuka vipande vipande, na chini ya lenzi huonyesha vinundu au vitundu vilivyopitisha hewa. Donge la madini likivunjika huonyesha ama kitu kilekile kutoka nje hadi katikati, ama matabaka yanayofuatana kama ya kitunguu. Hata hivyo usilitupe, maana kile kiini chake wakati mwingine ndicho kisukuku chenyewe.

Kuhusu bapa lenye michoro, bila kuliona nina shaka kubwa. Oksidi za manganizi na chuma hupenya kwenye nyufa za mwamba na kuacha michoro yenye matawi inayofanana sana na mimea. Tafuta mshipa mkuu wa katikati, mishipa midogo inayotoka humo kwa mpangilio, na ukingo wa jani. Usipoviona, na matawi yakawa yanagawanyika ovyo yakianzia kwenye ufa, hilo si jani.

La tatu ndilo ningelitazama kwa makini. Mfupa una ukuta wa nje ulioshikamana, na ndani yake, hasa karibu na viungo, mna mtandao wa vijiukuta na vijitundu. Mawe ya volkano nayo yana vitundu, lakini hivyo ni viputo vya gesi vilivyotawanyika bila ukuta wa nje wala mwelekeo.

PwaniYaKigamboni

Maelezo ya MwambaMlimani yametosheleza, ila kuna suala la mahali ambalo limeguswa kidogo sana. Jina la Tendaguru lisifanywe hoja. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani, kwa kutegemea mamia ya vibarua Waafrika ambao majina yao hayatajwi sana, ulichimba huko mifupa ya miaka takriban milioni 150, na kiunzi cha *Giraffatitan*, dinosaria mkubwa mwenye shingo ndefu, chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu bado kimesimama Berlin. Lakini miamba ya huko haina mifupa kila mahali. Matabaka yenye dinosaria yamepishana na matabaka ya mchanga wa baharini yaliyojaa makombe, kwa hiyo mtu anayeokota ovyo ana nafasi kubwa zaidi ya kupata kombe kuliko mfupa, na kubwa kuliko zote ya kupata jiwe tu.

Nashangaa pia kwamba watu wa Dar es Salaam tunaagiza visukuku kutoka Lindi wakati tunavikanyaga kila siku. Sehemu kubwa ya mawe ya matumbawe ya pwani yetu ni miamba ya zamani ya baharini iliyobaki nchi kavu. Boma la Kale, jengo la hapa jijini lililojengwa katika miaka ya 1860, ni la mawe hayo. Mleta mada akitaka kuzoeza jicho, atafute jiwe la matumbawe lililovunjika: ataona vikombe vidogo vinavyojirudia, kila kimoja kikiwa na vijiukuta vinavyotoka katikati kuelekea ukingoni. Mpangilio unaojirudia namna hiyo ni alama ya kiumbe, na akishauona mara kadhaa hatadanganywa kirahisi na doa la manganizi.

Kuhusu kulamba, mfupa mkavu wenye vitundu hunata ulimini, lakini udongo mkavu wa mfinyanzi nao hunata, na mfupa ambao vitundu vyake vimejazwa madini haunati kabisa. Sioni sababu ya kuweka mdomoni kitu kisichojulikana kimelala wapi.

MsomajiWaUpanga

Nisiwatoe sana kwenye mada, ila udanganyifu huu upo pia upande wa utomvu. Sandarusi yetu ya pwani, yaani utomvu wa miti ulioganda, iliyochimbwa ardhini na kuuzwa kupitia Zanzibar katika karne ya 19, wapo wanaoiuza kama kaharabu (utomvu wa kale zaidi uliogeuka kisukuku), hasa ikiwa na mdudu ndani. Tone la asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, huifanya sandarusi inate, wakati kaharabu iliyokomaa haibadiliki sana. Jaribuni pembeni, mbali na mdudu.

MkaziWaMbagala (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nimeazima lenzi. Jiwe la mviringo lina sehemu iliyomeguka, na rangi yake ni moja kutoka nje hadi ndani, bila ganda. Michoro ya bapa haina mshipa wa katikati. La tatu lina ukuta mgumu wa nje na mtandao wa vitundu ndani, na ni zito kuliko nilivyotarajia. Je, niseme ni mfupa wa dinosaria?

MwambaMlimani

Sema kwamba huenda ni mfupa, na uishie hapo kwa sasa. Rangi ya hudhurungi haithibitishi umri, kwa sababu mfupa wa ng'ombe uliokaa kwenye udongo wenye chuma hugeuka rangi ndani ya muda mfupi. Uzito unaashiria kwamba vitundu vimejazwa madini, nayo ni dalili nzuri, lakini mnyama gani na wa zama zipi ni swali linalojibiwa kwa kulinganisha mifupa na kwa kujua tabaka ulikotoka. Muulize baba mdogo kijiji, korongo au shamba lilipookotwa, na kama lilikuwa limelala juu ya ardhi au limeshikwa na mwamba. Andika majibu yake leo, kabla hajasahau.

Kuhusu mnunuzi, mzuie. Visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuvichimba au kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Lifunge kwenye karatasi laini bila kuliosha wala kulipaka kitu, ulipeleke Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, pamoja na maelezo ya mahali. Lile donge la mviringo lichukue pia, wakiwa na nafasi walitazame kiini chake.